Commodore 64 ya Ami, skrini nyeusi: nibadilishe chipu, niagize nyengine, au nitie Raspberry Pi?

Mtoto_wa_Vuga
Assalaam alaykum. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Mwaka 1987 alirudi safari na Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya kuchomeka kwenye TV, na kaseti kumi na kitu. Toka aache kuitumia imekaa juu ya kabati, imefungwa kanga. Juzi mke wa ami kaniita: "Njoo uchukue mtambo wa ami yako, au naupa watu wa chuma chakavu."

Nimeuchomeka. Taa nyekundu inawaka, TV inaonesha weusi mtupu. Leo siku ya nne, nawasha nazima, nawasha nazima.

Nimeuliza watu watatu nimepata rai tatu. Fundi wa simu Darajani anasema atabadilisha chipu zote za memori kwa bloa ya hewa moto, jioni moja tu. Rafiki yangu aliyeko Uingereza anasema aninunulie nyengine nzima aje nayo Disemba. Mdogo wangu anasema nitoe bodi nitie Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kisasa, ndani ya ganda, kwisha kazi. Ipi bora?

Lehemu_Mlandege
Waalaykum salaam. Kabla ya kulinganisha chochote, chomoa hiyo adapta ukutani. Usiwashe tena "kujaribu".

Hilo tofali zito linatoa umeme wa aina mbili, 5V DC na 9V AC. Ndani limemiminiwa gundi ngumu kama jiwe, joto halina pa kutokea. Reguleta ya 5V, yaani kile kinachodhibiti volti, ikichoka, mara nyingi haikati umeme, inaupandisha. Ikifika 6V au 7V, chipu za memori ndizo zinazotangulia kaburini. Kwa hiyo siku zako nne za kuwasha na kuzima huenda ndizo zilizozidisha maradhi.

Na taa nyekundu isikudanganye. Inataka 5V tu, na ikipewa zaidi inang'aa zaidi.

Chukua mita, tafuta mchoro wa plagi ile ya duara, pima. Inatakiwa kati ya 4.75 na 5.25. Ukipata zaidi ya hapo, tofali halifai tena.

Mpemba_wa_Chake
Naongezea. Juu ya bodi kuna fyuzi ya kioo, hiyo ni ya ile 9V AC. Kwenye bodi za mwanzo, zile ndefu, chipu ya picha inapata umeme wake kutokana na hiyo 9V. Fyuzi ikikatika, taa inawaka kama kawaida na skrini ni nyeusi. Mimi nilihangaika wiki mbili na yangu, nimeshang'oa chipu, kumbe fyuzi. Mpaka leo pasi ya nguo ikigoma mke wangu ananiuliza, "Umetazama fyuzi?"

Halafu tuambie, weusi wako ni safi au una chenga? Ukiona chenga, TV haijaikamata mashine. Weusi safi una maana mashine inarusha mawimbi lakini haina la kusema.

Mtoto_wa_Vuga
Weusi safi. Fyuzi nzima. Adapta... 6.9V. Sikuamini, nikaazima mita ya jirani. 6.9.

Lehemu_Mlandege
Inna lillahi. Litie tofali kwenye mfuko usije mtu akalichomeka kwa bahati mbaya.

Kijana_wa_Pi
Sasa mnaona kwa nini mdogo wake yuko sawa? Kampuni yenyewe ilifilisika 1994. Hewa yetu ya chumvi inakula miguu ya chipu, umeme wetu unapanda na kushuka. Pi inaendesha VICE, programu inayoiga Commodore, michezo yote ile ile, unachomeka HDMI kwenye TV yoyote. Kuna bodi ndogo ya kuunganisha vitufe vya zamani kwenye USB. Jioni moja umemaliza na watoto wanacheza.

Bi_Mawimbi
Mwanangu, kama haja yake ni kucheza tu, simu yake inatosha, hana haja hata ya Pi. Huyu kaachiwa kitu na ami yake. Tia Pi ukipenda, lakini bodi usiitupe, na ganda usilikate kwa msumeno kutafutia waya njia. Nimeona mtu kafanya hivyo, nikamuonea huruma.

Kuhusu ya Uingereza: mashine ya rika lile lile ina maradhi yale yale. Utapokea na tofali jengine la rika lile lile! Mimi ningemwambia rafiki alete mbovu ya bei ya chini, niichinje kwa spea.

Na uangalifu kwenye adapta si kwa Commodore peke yake. Wakati wa lile giza la miezi mitatu, umeme ulipokatika Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nilikuwa nawasha jenereta jioni. ZX Spectrum yangu, kompyuta nyengine ya zamani, ilikuwa haina adapta, nikaona ya redio imeandikwa 9V DC, nikachomeka. Kimya. Spectrum katikati ya plagi ni hasi, adapta ile katikati ilikuwa chanya. Volti sawasawa, transista ikaenda, na baadhi ya memori pia.

Lehemu_Mlandege
Bi Mawimbi kasema kweli. Na huyo wa bloa mwambie ahsante, abaki na simu zake. Bodi hii ina matundu yaliyopakwa shaba ndani, na kila chipu ya memori ina miguu 16. Ukiipasha joto kwa pupa, ukivuta chipu inakuja na njia za shaba. Tena kwa nini ubadilishe zote nane bila kujua ipi imekufa?

Fanya hivi. Kwanza umeme mpya: transfoma ya 9V AC ya ampea moja, na adapta nzuri ya 5V ya ampea 3, zikutane kwenye plagi moja. Pima kabla ya kuchomeka. Halafu washa, subiri dakika moja, pitisha kidole juu ya chipu za memori. Kwenye bodi ndefu zimeandikwa U9 mpaka U12 na U21 mpaka U24. Hizo zinatakiwa ziwe vuguvugu tu. Itakayokuchoma ndiyo maiti. Chipu ya picha, ya sauti na ile ya mantiki iitwayo PLA zina joto lao la kawaida, usizishitaki kwa hilo. Kama hakuna inayochoma, chukua 4164 nzima, yaani chipu ya memori ya aina hiyo hiyo, ipandishe juu ya kila moja, mguu juu ya mguu, uwashe. Picha ikibadilika umempata.

Kuitoa: kata miguu karibu na mwili wa chipu kwa koleo dogo, mwili uondoke, kisha yayusha mguu mmoja mmoja uuvute kwa kibano. Chipu imekufa tayari, muhimu ni bodi. Lehemu soketi, chipu mpya itakaa humo.

Mpemba_wa_Chake
4164 ninazo, nilizing'oa kwenye kompyuta ya ofisi ya zamani, ile ya XT. Nitampa mtu anayepanda boti Mkoani Jumamosi. Tatu zinatosha?

Mtoto_wa_Vuga
Wakuu, narudi baada ya wiki mbili.

U21 ilinichoma kidole mpaka alama ipo. Nimekata, nimevuta, nimelehemu soketi mikono inatetemeka. Kuwasha, ikaja buluu! Maandishi ya buluu nyepesi, lakini namba ya baiti ilikuwa ndogo sana, sio 38911 ya mashine nzima.

Lehemu_Mlandege
Ikiwaka huhesabu memori yake mpaka inapokutana na kasoro, ikasimama hapo. Ipo nyengine inayoumwa. Pandisha chipu.

Mtoto_wa_Vuga
U11. Nimebadilisha jana usiku. 38911.

Nikaipeleka kwa mke wa ami nikamwekea kwenye TV yake. Kakaa kimya kidogo, halafu akasema niandike jina la ami. Salum. Imeandika SLUM. Kitufe cha A hakishiki.

Kijana_wa_Pi
😂 Haya, nimekubali.

Bi_Mawimbi
Hiyo ni kaboni ya chini ya kitufe, uchafu tu. Pamba na spiriti. Lakini kabla hujafungua skrubu za nyuma ya kibodi, toa kwanza lehemu ya nyaya mbili za SHIFT LOCK, ukilazimisha utazikata. Na skrubu ziko nyingi, ndogo, tia kwenye kikombe.