Tupeane uzoefu: resa (baiskeli za mbio) za zamani za mtumba, ni nini ilikuonyesha hii ni nzima na hii ni kifo?

Dala_Rider
Wadau nimepita soko la Kibuye, Kisumu, leo nikaona resa ya kijani, zile za chuma, gia za kuvuta na kidole kwa paipu ya chini, kiti cha ngozi, yaani inakaa poa sana. Muuzaji anaapa imetoka kwa kontena ya Uingereza, mwenyewe alikuwa anaenda nayo kanisani tu. Nikainama nikapitisha vidole chini ya paipu ya chini, pale karibu na hedi, ile paipu fupi ya mbele chini ya handobari. Nikasikia mkunjo. Rangi hapo imepasuka nyufa ndogo ndogo na kutu inachungulia. Nikajikung'uta nikaenda zangu, jamaa ananiita bei inashuka na mimi natembea tu. Sasa nyinyi mnaonunua hizi vitu huku kwetu, tuambiane. Mlipata nini, mlikimbia nini.

Fundi_Section58
Hapo uliokoa pesa. Huo mkunjo ni baiskeli iligonga kitu na mbele, gari ama ukuta. Foku, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, ndiyo inapinda kwanza kurudi nyuma, ikishindwa kubeba, paipu ya juu na ya chini zinakunjika nyuma tu ya hedi. Ukitazama kutoka juu huoni kitu, ndiyo maana wauzaji huwa wanaiegemeza ukutani wakikuonyesha stika. Lazima vidole vipite CHINI ya paipu zote mbili. Halafu simama kando, mita mbili hivi, tazama laini ya hedi ikishuka kwa foku. Miguu ya foku inafaa kufuata hiyo laini ikiwa imenyooka halafu ndiyo inajikunja kwenda mbele huko chini. Ukiona imerudishwa nyuma hapo juu karibu na hedi, ama tairi ya mbele iko karibu sana na paipu, hiyo imekula ngumi. Na ile imepakwa rangi mpya ndiyo naogopa zaidi. Mtu anapaka rangi baiskeli ya miaka 40 kwa nini?

Gololi3
Kweli kabisa.

ShababFinest
Anapaka ikae poa fundi, si kila mtu ni mwizi 😂

Fundi_Section58
Sawa. Nunua basi.

Sista_Kakamega
Mimi yangu ni Peugeot, nyeupe, ya kwendea kazi, niliipata kwa mzee mmoja aliyestaafu na ilikuwa safi, fremu nzima, foku nzima. Shida ilianza nikitaka kubadilisha beringi za pedeli, zile za katikati ya fremu pale krenki zinazungukia. Nikapeleka kwa fundi wa mtaa, mtu mzuri, ametengeneza baiskeli za mzigo maishani mwake mwote. Sasa Raleigh na hizi zetu za mzigo, kikombe cha beringi cha upande wa cheni kinafunguka ukizungusha kulia, kinyume na nati ya kawaida. Za Ufaransa nyingi za zamani pande zote mbili zinafunguka kushoto kawaida. Yeye akazungusha kulia vile amezoea. Kumbe anakaza. Ikakataa, akaleta paipu ya maji akarefusha spana, wakaja vijana wawili wa bodaboda kumsaidia. Mlio niliousikia hapo sitausahau. Meno yote ya kukazia kikombe yakalala. Na ukienda kutafuta kikombe kingine haviingii, kile cha Kiingereza ni inchi 1.37 yenye meno 24 kwa inchi, cha Kifaransa ni milimita 35 na meno ya milimita moja moja, ukiangalia kwa macho utaapa ni kitu kimoja. Nikauliza hadi Eldoret. Hata stemu ya Kifaransa, ile shingo inayoshika handobari, ni milimita 22.0, ya kawaida ni 22.2, haiingii bila kupigwa msasa. Kwa hivyo kabla ulipe, uliza ilitoka nchi gani, na kama beringi zimekwisha toa hiyo pesa kwa bei.

Toto_la_Busia
Dada umenikumbusha tairi jamani. Hizi resa za miaka ya 70 rimu zake nyingi ni inchi 27. Duka linakwambia "weka ya Black Mamba, ile baiskeli ya mzigo, ni 28, si inakaribia". Haikaribii! Ya Mamba kipimo chake ndani ni milimita 635, ya 27 ni 630, inaingia vizuri sana halafu ukijaza upepo inapanda inatoka kwa rimu paaaa katikati ya soko, kuku wakaruka. Na 700 ya siku hizi ni 622, hiyo haiingii hata ukilia. Soma nambari kwa mpira kabla ujue unanunua nini, kama tairi ya 27 hupati kwenu itabidi ubadilishe magurudumu uweke 700 na ushushe raba za breki milimita 4 kila upande. Angalia kama breki zina nafasi ya kushuka. Zingine hazina.

Gololi3
Kuku 😂😂

Kiboswa_Kuteremka
Mimi nimekaa nikisoma nikasema sitaandika lakini wacha niandike. Mnaongea fremu, foku, tairi, hakuna mtu amesema stemu. Niliuziwa resa sokoni, sitasema soko gani, na jamaa alikuwa ameinua handobari juu sana ndio mtu mrefu akiijaribu aone iko sawa. Hizi stemu za zamani zinaingia ndani ya paipu ya foku na zina alama imechorwa, ukiona hiyo alama iko nje ujue imevutwa kupita kiasi. Alama alikuwa ameifunika na selotepu nyeusi, eti ni urembo. Basi siku hiyo nimetoka Kiboswa nateremka Mamboleo, mnaijua hiyo barabara, jua la asubuhi, ziwa liko mbele yako linang'aa, unajisikia mtu. Mimi niko chini kwa handobari, upepo, nimepita matatu moja. Nikagusa breki ya mbele kidogo pale kona inaanza, nikasikia tik. Tik ndogo tu. Halafu handobari ikaja. Yaani ikaja kifuani kwangu, niko nayo mikononi, waya za breki ndizo zimeishikilia, gurudumu la mbele linaenda kivyake. Sikuwa na breki kwa sababu waya zimelegea zote. Nikajaribu kuongoza na magoti, mtu asikudanganye, haiwezekani. Kulikuwa na mama amebeba kuni akanitazama akasema "Yawa!" nikampita. Nikaona lori linapanda. Nikaona mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, upande wa kushoto nikaegemea huko na mwili wote, baiskeli ikaingia mtaro, mimi nikaendelea mbele peke yangu nikaruka mabingobingo nikaangukia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amelala. Akaamka na mimi juu.

Mkono ulivunjika hapa kwa kifundo na meno mawili yakaenda. Nilipopona nikaenda kuangalia ile paipu ya foku pale ilikatikia. Nusu ya mvunjiko ilikuwa nyeusi na kutu, nusu inang'aa. Fundi mmoja wa Kondele akanieleza, hiyo nyeusi ni ufa wa zamani, ulikuwepo hata kabla nikutane na baiskeli, hiyo inayong'aa ndiyo ilikatika siku hiyo. Stemu ikivutwa juu sana, ile kabari ya kukazia inasukuma paipu pale kwenye meno ya hedi, ambapo chuma ni chembamba, na kila shimo barabarani linaongeza ufa.

Dala_Rider
Wueh.

ShababFinest
NG'OMBE ALISEMA AJE

Toto_la_Busia
Pole sana mkubwa. Lakini ng'ombe alipona?

Gololi3
Hiyo ndiyo swali 😂

Kiboswa_Kuteremka
Alipona. Mwenyewe alinidai pesa ya maziwa, eti ng'ombe amekauka maziwa kwa mshtuko.

Sista_Kakamega
Na ulilipa?

Kiboswa_Kuteremka
Nilikuwa na mkono mmoja dada, ningebishana na nani.

Mkaguzi_Naks
Samahani lakini hii hadithi naiona na chumvi. Umepita matatu na resa ya zamani? Tufanye hesabu. Gia ya mbele meno 52, ya nyuma 14, gurudumu mzunguko wake mita 2.15 hivi, ukipiga pedeli mara 100 kwa dakika unapata kilomita 48 kwa saa. Matatu gani inaenda 48 ikiteremka Mamboleo?

Kiboswa_Kuteremka
Ndugu kwa mteremko nani anapiga pedeli?

Fundi_Section58
😂 Na matatu inasimama kubeba watu. Mkaguzi wewe umewahi kupanda matatu?

Mkaguzi_Naks
Nimeuliza tu. Watu wa ziwa mnapenda hadithi.

Dala_Rider
Na nyinyi watu wa Nakuru mnapenda vumbi. Turudi kwa baiskeli.

Mwl_Chavakali
Turudi. Mimi ni mtu wa kusoma nambari. Muuzaji akikwambia ni ya 1972, usibishane naye, geuza krenki, ule mkono wa pedeli, uangalie nyuma yake. Vyuma vya Shimano vina herufi mbili ndogo zimegongwa. Ya kwanza ni mwaka, A ni 1976, B 1977, mnaendelea hivyo, ya pili ni mwezi, A Januari hadi L Desemba. Nilikuta "JC" kwa baiskeli ya "1972", hiyo ni Machi 1985. Inaweza kuwa krenki ilibadilishwa, lakini gia, habu za katikati ya magurudumu na breki zote zilisoma mwaka huo huo, kwa hivyo hadithi ya muuzaji imeisha. Habu za Sturmey-Archer nazo huwa zimegongwa mwaka na mwezi wazi wazi. Na ile stika ya Reynolds 531, hizo paipu ziko tangu 1935 na ni nzuri kweli, lakini stika inachapishwa hata River Road, Nairobi. Chomoa paipu ya kiti, ile inayoingia ndani ya fremu, usome kipimo cha milimita: 27.2 inakupa matumaini, 25.4 ama 26 kushuka ujue mara nyingi ni chuma cha kawaida kizito.

ShababFinest
Mwalimu sasa mimi nikiwa sokoni nachomoa krenki, nachomoa kiti, jamaa si atanipiga

Mwl_Chavakali
Krenki hauchomoi, unainama. Kiti unalegeza nati moja. Akikataa usilegeze kiti, kuna sababu amekataa.

Dereva_Kisian
Mimi naona mnaumiza kichwa. Panda, zunguka, ikienda moja kwa moja ukiachilia mikono nunua. Ndio hiyo.

Fundi_Section58
USIACHILIE MIKONO kwa baiskeli hujaangalia, umesoma ya ng'ombe?

Dereva_Kisian
Nimeachilia maisha yangu yote na niko na meno.

Fundi_Section58
Haya. Kwa wale wako na subira: chukua uzi. Funga pale ekseli ya nyuma inakaa upande mmoja, upitishe mbele ya hedi, urudishe upande wa pili, vuta ukaze. Pima kutoka uzi mpaka paipu ya fremu iliyo chini ya kiti, kushoto na kulia. Ikitofautiana milimita mbili tatu, chuma kinanyooshwa, si shida. Ikipita sana hapo uliza kilichotokea. Kisha shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma, ukisikia kugonga hedi imelegea. Inua gurudumu la mbele uzungushe handobari polepole, ikitafuta katikati yenyewe na kukwama hapo, gololi zimechimba vishimo. Hiyo si ya kukataa baiskeli, ni ya kushusha bei.

Mkaguzi_Naks
Hapo kwa kunyoosha nakubali, hata kupanua nafasi ya gurudumu la nyuma kutoka milimita 126 hadi 130 ndio gurudumu la siku hizi liingie, chuma kinakubali. Alumini usijaribu. Lakini mtu asikubali kuchomelewa ufa na welda wa mageti. Hizo paipu ni nyembamba, moto wa stima unazila. Zilishikanishwa na shaba ama fedha kwa moto wa gesi.

Kiboswa_Kuteremka
Mkaguzi sasa unaongea maneno. Nimekusamehe ya chumvi.

Toto_la_Busia
Mimi huwa naangalia nambari chini ya krenki. Ikiwa imechubuliwa na faili, sitaki hata kama ni ya bure. Polisi wakikushika nayo utaeleza nini. Naandikisha karatasi, jina, nambari ya simu, M-Pesa si keshi.

Sista_Kakamega
Naomba kuuliza kabla mjadala ufungwe. Ndugu yangu amenunua moja juzi, fremu poa, lakini paipu ya kiti ni alumini na imeganda ndani, haizunguki kabisa. Afanye nini?

Dereva_Kisian
Mafuta ya taa usiku mzima. Halafu nyundo.

ShababFinest
Soda.

Dala_Rider
Pasha moto.

Fundi_Section58
Nyundo hapana jamani. Moto nao, sikiliza: alumini inapanuka kuliko chuma, ukipasha zote pamoja unakaza zaidi. Geuza baiskeli miguu juu, mimina mafuta ya kupenya kupitia kwa krenki, siku kadhaa, usiwe na haraka. Baadaye weka barafu kwa paipu ya kiti peke yake, inasinyaa. Shika na vaisi, zungusha fremu yenyewe kama usukani. Ikikataa kabisa inakatwa na msumeno kutoka ndani, kazi ya siku nzima na utalipa. Kama hiyo paipu ya kiti iko kwa urefu unaomfaa mwambie aendeshe tu hivyo hivyo.

Sista_Kakamega
Iko juu sana. Yeye ni mfupi.

Dereva_Kisian
Auzie mtu mrefu basi.

Naks_Spea
Wadau habari, mimi mgeni hapa. Niko na fremu ya resa Free Area, Nakuru, rangi mpya, elfu tatu na nusu, haina foku. Nani yuko serious?

Gololi3
Foku ilienda wapi?

Naks_Spea
Iliuzwa kando.

Fundi_Section58
Tuma picha ya paipu ya chini, ukiwa umelala chini, karibu na hedi. Na mwanga mzuri.

Naks_Spea
Simu haina chaji saa hii