Mwenye miti mingi apewe kura nyingi? Tunaunda kikundi cha kahawa, Kasese

Mkulima wa Bwera

Habari zenu ndugu. Niko upande wa Bwera, chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, nalima kahawa ya arabika kama majirani zangu wote. Msimu ukianza, broka wanapanda na pikipiki hadi uani kwetu. Mizani ni yao, na bei wanaitaja wao. Wengine kati yetu huwa wameshauza kahawa ikiwa bado maua, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Mtu akishauza maua, siku ya kuchuma anachuma mali ya mwingine.

Sasa kaya kama ishirini tumekaa tukaamua kuweka kahawa yetu pamoja: tuchume nyekundu tu, tuimenye na kuianika wenyewe, tuuze kwa wingi. Mpaka hapo tunaelewana. Kinachotugawa ni kura. Kuna mzee mmoja mwenye shamba kubwa kuliko sisi wote. Ana gari la mizigo, na ana kiwanja kizuri cha kuanikia kilicho tambarare, kitu ambacho huku milimani hukipati ovyo. Yuko tayari kuingia, ila anataka kura zihesabiwe kwa miti, mwenye miti elfu tatu asilingane na mwenye miti mia. Tena anataka kwenye daftari aandikwe mwenye ardhi peke yake, maana yake baba wa kila nyumba.

Kaka yangu mkubwa anamuunga mkono, anasema bila gari hatufiki popote. Mimi moyo unakataa, lakini nikisimama mkutanoni nakosa hoja. Methali ya kidole kimoja na chawa naijua, ila haitoshi mbele ya mtu mwenye gari. Ninachotaka kujua ni hiki: usawa ndio unaoleta nguvu kwenye kikundi, au ni heshima tu tunayopeana huku nguvu ikitoka kwingine? Mliowahi kuwa kwenye ushirika, niambieni mliyoyaona. Tunakutana Jumapili baada ya ibada.

---

Karani Mstaafu, Mbale

Mwanangu, mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwenye miteremko ya mlima Elgon. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mizani na kuandika kilo za watu. Swali lako nimelisikia likiulizwa na watu wazima wenye hasira, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Anza na hesabu. Kahawa ya kwenda ng'ambo inasafiri kwa kontena, na kontena moja la futi ishirini hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani zaidi ya tani 19 za kahawa iliyokwisha kukobolewa. Ili upate kilo moja ya kahawa hiyo unahitaji kilo tano au sita za matunda mekundu. Mpigie hesabu huyo mzee: miti elfu tatu, hata ikizaa vizuri na mvua ikamhurumia, haimfikishi robo ya kontena. Kwa hiyo mbele ya mnunuzi wa Mombasa au Kampala, yeye na mwenye miti mia wana tatizo moja. Wote wawili ni wadogo. Anayedhani yeye ni mkubwa, anajilinganisha na jirani badala ya kujilinganisha na soko.

Hoja ya pili ndiyo ningeisimamia mimi mkutanoni. Mkiweka kahawa pamoja, ladha ya mzigo wote inaamuliwa na kikapu kibaya kuliko vyote. Mtu mmoja akichanganya matunda mabichi na mabivu, au akaiacha kahawa ichachuke kupita kiasi kwenye ndoo, mwonjaji atalikuta kosa hilo kwenye kikombe, na bei itashuka kwa wote, pamoja na mwenye miti elfu tatu. Hapo mwenye miti mia ana uwezo kamili wa kumharibia tajiri. Sasa jiulizeni, mtu mwenye uwezo huo mnataka akae kwenye kikundi kama mgeni, au kama mwenye mali? Mpeni robo ya kura, naye atawapa robo ya uangalifu. Nimeliona hili kwa macho yangu. Msimu mmoja wakulima wakubwa walianza kupimiwa kwanza huku wadogo wamesimama na magunia kwenye jua. Hakuna aliyegomba. Wadogo walinyamaza tu, na usiku kahawa yao nzuri ikaenda kwa broka. Chama kikabaki kinaletewa makapi. Tuliporudisha mstari mmoja mbele ya mizani, anayefika kwanza anapimiwa kwanza, hata awe nani, kahawa nzuri ilirudi. Haikurudi yote, lakini ilirudi.

Sasa usimdharau mzee wako. Ana jambo la haki anadai, ila amelipachika mahali pasipo pake. Anayeleta kahawa nyingi apate pesa nyingi, na hilo haligusi kura hata kidogo. Watu wa Rochdale kule Uingereza walilitatua mwaka 1844. Walikuwa 28, wakiwemo wafumaji nguo waliobanwa na mishahara midogo. Wakachanga pauni 28, wakafungua duka la unga, siagi, sukari na vitu vya namna hiyo. Kila mwanachama alikuwa na kura moja. Faida ilipopatikana, kila mmoja alirudishiwa kulingana na manunuzi yake. Kura ni ya mtu, malipo ni ya mzigo. Vyama vya ushirika duniani kote vimeichukua kanuni hiyo, na sheria ya ushirika ya Uganda nayo inaishika.

Jingine la huku kwetu. Karibu na Mbale kuna kilima cha Nabugoye, wanakoishi Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi. Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akashuhudia minara ikishambuliwa. Mwaka 2004 aliwaita majirani zake Wakristo na Waislamu, wakaanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, na uongozi wakaugawa kati ya dini zote tatu. Wayahudi wangeweza kusema wazo ni letu, kwa hiyo viti ni vyetu. Hawakusema hivyo. Kahawa yao ilipata mnunuzi California, Thanksgiving Coffee Company. Bila majirani, Abayudaya wenyewe ni wachache mno kupata mzigo wa kumvuta mnunuzi wa mbali.

Watakuja watakaokuambia ushirika Uganda ulikufa. Ni kweli vyama vingi vilianguka. Serikali ilipofungua soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia na pesa taslimu, vyama vikawa vinadaiwa, na mwaka 1999 Benki ya Ushirika ikafungwa. Lakini Bugisu Cooperative Union, iliyoanza mwaka 1954, jina lake bado lipo hapa Mbale. Waulize wazee wa kwenu waliokuwa wanachama enzi hizo, wakueleze vyama vya huko vilivyoendeshwa.

---

Mama wa Kyarumba

Mzee Karani amesema vizuri ila amepita juu ya jambo la daftari. Mimi nabaki hapo hapo, kwa sababu ndipo kikundi chenu kitakapopasukia.

Ndugu wa Bwera, nani anachuma kahawa nyumbani kwako? Nani anapalilia, nani anabeba maji ya kuoshea, nani anageuza kahawa juani na kuifunika mvua ikija? Mnamwandika baba, kahawa inauzwa kwa jina la baba, pesa anapokea baba. Mama hajui ni shilingi ngapi. Unafikiri atafanya nini mtoto akiumwa? Atachuma kidogo kidogo, hata yale ya kijani, auze kwa broka kabla mume hajaona. Na mume naye, akijua mke anachuma kwa siri, anawahi kuchuma kabla yake. Nyumba moja, watu wawili wanakimbizana kwenye mti mmoja, na tunda halipati nafasi ya kuiva. Halafu mnakaa mkutanoni mnajiuliza kwa nini kahawa ya Kasese ilikuwa inapata bei ya chini.

Hapa Kyarumba kuna Bukonzo Joint, ushirika wa wakulima wadogo, na huko walilikabili hilo. Walikaa familia kwa familia, mume na mke na karatasi moja, wakachora mti. Kwenye mizizi unaandika kazi: upande huu za mke, upande huu za mume. Kwenye matawi unaandika matumizi na mali, nani anapata nini. Ukimaliza, unauona mti umelalia upande mmoja, na hakuna haja ya mtu kukuhubiria. Nimeona wanaume wakitazama mchoro wao wenyewe wakanyamaza kwa muda mrefu. Kisha mnapanga pamoja mti usimame wima: mume abebe kazi gani, pesa zigawanywe vipi, ardhi iandikwe majina ya nani. Njia hii ilikuzwa huku milimani na imechukuliwa hadi nchi nyingine.

Mume na mke wakipanga pesa pamoja, tunda linaachwa mtini mpaka liwe jekundu, maana hakuna anayemkimbia mwenzake. Mizani inaliona, mwonjaji analionja. Ndiyo sababu nasema usawa si heshima ya kupeana. Umo ndani ya kahawa yenyewe.

Kwa hiyo daftari liwe na majina mawili kwa kila nyumba. Na siku ya malipo waje wote wawili.

---

Dereva wa Boda, Busia

Mimi sina kahawa, nina pikipiki, lakini nina neno. Nimekuwa kwenye vikundi vya stegi, yaani vya kituo cha bodaboda. Kimoja tulikuwa sawa kabisa, kila mtu kura moja, kila mtu mchango uleule, na mwenyekiti akala pesa. Usawa wetu ulitulaza usingizi, kwa sababu daftari alilijua mtu mmoja.

Kikundi nilichomo sasa kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na sanduku analala nalo wa nne asiye na ufunguo. Pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote kila wiki, kwa sauti, na salio la wiki iliyopita tunaulizwa sote tulitaje kwa kichwa. Asiyejua kusoma anajua hesabu zetu sawasawa na aliyefika chuo. Huo kwangu ndio usawa wenyewe. Kura bila kujua salio ni karatasi tupu.

Tena mjihadhari na vikundi vinavyoundwa kwa kuwinda pesa za PDM, ule mpango wa serikali wa kuendeleza parokia. Vingi nimeviona vinakutana mpaka siku ya kupokea tu.

---

Mkulima wa Bwera

Asanteni sana, mmenipa maneno ya kusimama nayo. Mama wa Kyarumba, umenigusa ndani ya nyumba yangu, na jioni hii mimi na mke wangu tumekaa na karatasi. Hatujamaliza.

Mzee Karani, nina moja. Gari na kiwanja cha kuanikia ni vyake kweli. Nikimwambia kura ni sawa, akaondoka na gari lake, nifanye nini?

---

Karani Mstaafu, Mbale

Gari lilipwe. Kubalianeni nauli kwa kila gunia, iandikwe, na ilipwe kabla ya mgao wowote. Kiwanja nacho mkikodi kwa msimu, kwa karatasi yenye sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Msiombe msaada wake bure, maana anayesaidia bure hudai shukrani, na shukrani hiyo ataidai kwa kura. Hesabuni pia nauli ya gari la kukodi kutoka mjini, mwende mkutanoni na bei zote mbili.

Na usimkabili Jumapili mbele ya watu. Nenda nyumbani kwake kabla, wewe na kaka yako pamoja, umweleze habari ya kontena na ya kikapu kibaya. Mtu mzima akielewa kwake, atakuja kuyasema mkutanoni kama maneno yake mwenyewe. Mwacheni ayaseme.

---

Mkulima wa Bwera

Narudi na taarifa. Tulikwenda kwake Ijumaa. Hesabu ya kontena aliirudia mara mbili kwenye simu yake, kisha akauliza nauli itakuwa kiasi gani kwa gunia. Jumapili amekubali kura moja kwa kila mwanachama, na gari litalipwa. Kiwanja tunakodi kwa msimu mmoja, tutazame.

Majina mawili kwenye daftari hayajapita. Wanaume walio wengi walisema hilo ni jambo la nyumbani. Kaka yangu, nisiyemtegemea, ndiye aliyesema mkutano ujao wake zetu waje wenyewe ndipo lipigiwe kura, na hilo limekubaliwa. Mama wa Kyarumba, kama kuna mtu wa huko kwenu anayeweza kushuka siku hiyo atuonyeshe ule mchoro wa mti, nauli yake na chakula tutachanga.

Mizani tutanunua kabla ya kitu kingine chochote, na tunataka ikaguliwe na watu wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, ili broka asipate la kusema. Anayejua utaratibu wao wa kukagua mizani ya kikundi kilicho mbali na mji, naomba aandike hapa.