Mwezi mzima wa baleti Ulaya: nianzie Paris au Stuttgart?

FundiShela
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Sinza, nashona magauni ya harusi. Napenda baleti, na najua hapa kuna watakaocheka. Nilianza kwa kutazama video usiku huku nikibandika shanga. Siku niliyomwona Guillaume Diop, baba yake Msenegali, akitangazwa kuwa étoile, daraja la juu kabisa la wachezaji wa Opera ya Paris, baada ya kucheza baleti ya Giselle kule Seoul Machi 2023, nililia mpaka nikachafua gauni la mteja.

Sasa nimepata nafasi ya kwenda mwezi mzima: Paris, Stuttgart na Vienna, kuanzia mwisho wa Julai. Mchana nichore, usiku nitazame. Nataka kuiona tutu kwa karibu, ile sketi inayosimama kama sahani, nijue fundi kaishikiliaje. Swali langu ni moja: nianzie Paris au Stuttgart? Silali wakuu, naombeni ushauri wa kistaarabu.

Kipara_Original
Wanaume wa taiti mbona wapo Coco Beach kila Jumapili asubuhi, tena bila viza. Nimekaa paleee nasubiri picha.

MamaWawili
Mdogo wangu, umeolewa? Nauliza kwa nia njema. Mwezi mzima ni mrefu.

FundiShela
Dada MamaWawili, hilo halihusiani na mada. Paris au Stuttgart?

Mstaafu_wa_Reli
Binti, umenigusa. Nilisoma uhandisi Leningrad kwa ufadhili wa Wasovieti. Tiketi ya mwanafunzi kwenye ukumbi wa baleti wa Kirov ilikuwa hela kidogo, na kule juu kabisa unawaona wachezaji vichwa tu, lakini orkesta unaisikia yote. Agosti 1991 wale wakubwa walipojaribu kumpindua Rais Gorbachev, runinga ikawa inarudia baleti ya Swan Lake siku nzima. Sisi tuko bwenini, hakuna taarifa ya habari, tunatazama wasichana weupe wanapepea tu. Mwenzangu wa Mbeya mpaka leo akisikia muziki ule anauliza nani kapinduliwa. Mwezi uliofuata mji wenyewe ukabadilishwa jina ukawa Saint Petersburg. Nenda mwanangu, ujana haurudi.

Mbeba_Boksi_Stuttgart
Niko Stuttgart, nahudumia wazee. Bibi mmoja ninayemtunza ndiye aliyeniingiza kwenye ugonjwa huu. Kwake yeye dunia ina mtu mmoja tu, John Cranko, mtunzi wa baleti. Huyo alizaliwa Rustenburg, Afrika Kusini, mwaka 1927, akaja kushika kundi la baleti la hapa 1961, akalitoa kwenye kundi la mkoani mpaka likajulikana duniani. Baleti ya Onegin aliitunga hapa mwaka 1965. Akafa 1973, ndani ya ndege, wanarudi kutoka maonyesho ya Marekani. Bibi akifika hapo huwa ananyamaza, kisha anaomba chai. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Stuttgart. Kule Paris utalipia jengo.

Nairobi_Tiptoe
Dadangu, mbona uende mbali hivyo? Dance Centre Kenya huweka baleti ya The Nutcracker Desemba pale Kenya National Theatre, watoto wa mitaa ya mabanda na watoto wa mabwanyenye jukwaa moja. Mchezaji Joel Kioko alitoka mtaa wa mabanda wa Kuwinda hapa hapa Nairobi akaenda shule ya English National Ballet London. Panda basi, lala kwa shangazi, tazama, rudi. Utabakiwa na pesa ya kitambaa.

Msafiri_Mkavu
Nyote mnajibu msichoulizwa. Mleta mada, viza ipo? Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, wanataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, bima isiyopungua euro 30,000, na unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wengi hukwamia kwenye salio. Wewe umepitaje, fundi wa Sinza?

FundiShela
Viza ninayo, ya Ufaransa. Salio lilikuwa zuri. Tuendelee na mada.

Msafiri_Mkavu
Lilikuwa zuri kwa cherehani? Sikudharau, mke wangu naye ni fundi. Ndiyo maana nauliza.

MamaWawili
Hapo sasa. Nilijua kuna mwanaume.

FundiShela
Hakuna mwanaume. Jamani. Kaka yangu yuko Muscat, dada yuko Mwanza. Tunajenga nyumba ya mama, Muheza. Kuta zimefika kwenye linta. Wananitumia mimi kwa sababu niko karibu, na hela ya bati na mbao ilikaa kwenye akaunti yangu wakati naomba viza. Sikuomba ikae, ilikaa. Halafu bei ya tiketi ya ndege ikashuka, nikalipia. Desemba ni msimu wa harusi, oda ninazo, nitairudisha yote. Mama mwenyewe anaishi kwa mjomba, hajambo. Na mimi ndiye ninayemnunulia dawa kila mwezi, hao wengine hawaulizwi. Sijaiba.

Kipara_Original
Hahahaha, uzi umenoga. Mama hana paa, binti anakwenda kutazama watu wakiruka.

MamaWawili
Hela ya mzazi ni moto. Shemeji yangu alikula mchango wa kaburi la baba mkwe, mpaka leo biashara zake hazisimami, duka la vipuri limefungwa, gari limechukuliwa. Mimi sisemi zaidi.

Mstaafu_wa_Reli
Binti, niliposema nenda sikujua habari ya bati.

FundiShela
Mzee wangu, vuli inaanza Oktoba. Nitakuwa nimesharudi.

Mbeba_Boksi_Stuttgart
Utakuwa umerudi, lakini hela yenyewe umesema Desemba. Vuli itapita katikati.

Jicho_la_Tatu
Wakuu, mnapewa chai na hamjui. Nimekaa kimya nasoma. Mleta mada anasema mwisho wa Julai mpaka mwishoni mwa Agosti, Paris, Stuttgart, Vienna, kila usiku onyesho. Maonyesho yapi? Ulaya msimu unaanza Septemba na kufungwa kiangazi. Opera ya Vienna Julai na Agosti imefungwa kabisa. Paris wakimaliza katikati ya Julai hawarudi jukwaani mpaka Septemba. Mpenzi wa baleti anayelia kwa ajili ya Diop hajui hilo? Na machozi yanachafuaje gauni? Huyu ni mwandishi wa hadithi anajaribu mtaji wake hapa. Mod funga uzi.

Kipara_Original
Chai ya moto, tena na maandazi.

Nairobi_Tiptoe
Machozi huchafua ukiwa na wanja, Jicho. Umewahi kuona mwanamke akilia kweli?

Mbeba_Boksi_Stuttgart
Kuhusu msimu, Jicho la Tatu yuko sawa. Hapa pia mwisho wa Julai wachezaji wanakwenda likizo. Mimi nilidhani amesema Juni, nikajiendea na bibi yangu.

FundiShela
Mimi si mwandishi, sikumaliza hata sekondari. Nina tiketi. Wakala aliniuzia kifurushi: hoteli na tiketi za baleti. Ya Paris hii hapa naisoma: Palais Garnier, lile jumba la Opera ya Paris, tarehe 9 Agosti, saa kumi jioni. Ukumbi upo, tarehe ipo. Kwa hiyo nani anasema pamefungwa?

Mbeba_Boksi_Stuttgart
Dada, soma tena polepole. Ina jina la onyesho? Ina namba ya kiti, safu, ghorofa?

FundiShela
Haina kiti. Nilidhani mnakaa popote.

Mbeba_Boksi_Stuttgart
Hiyo ni tiketi ya kutembelea jengo. Ni halali, watakufungulia. Utapanda zile ngazi za marumaru, na ukumbi ukiwa wazi utaona dari alilochora msanii Chagall mwaka 1964. Lakini jukwaani hatakuwepo mtu.

Msafiri_Mkavu
Umepigwa, dada yangu. Alikutoza bei ya kiti cha onyesho?

FundiShela
Sitaki kumtaja wala kutaja bei. Ni mtu tunasali naye.

Jicho_la_Tatu
Mnaona? Wakala hana jina, bei haina, mama yuko kwa mjomba. Chai.

MamaWawili
Jicho, tunaosali nao ndio wanaotupiga. Hapo nimemwamini.

Mstaafu_wa_Reli
Sogeza safari mpaka Oktoba, msimu umeanza.

Msafiri_Mkavu
Mzee, viza ya Schengen ina tarehe zake. Zikipita, anaanza upya: euro 90, bima mpya, taarifa ya benki mpya. Na safari hii akaunti haina bati.

Ushungi_wa_Lyon
Salaam kutoka Ufaransa. FundiShela, kwani wewe ulitaka kuona watu wakiruka au kuona nguo? Maana ulianza na sketi. Kuna mji unaitwa Moulins, kama saa mbili na nusu kwa treni kutoka Paris Bercy. Pale kuna jumba la taifa la mavazi ya jukwaani, CNCS, ndani ya kambi ya zamani ya wanajeshi, wamelifungua 2006. Mavazi ya Opera ya Paris yamehifadhiwa humo kwa maelfu, na kuna vyumba maalumu vya vitu vya Nureyev, yule mchezaji maarufu wa baleti. Kiangazi huwa wazi. Mimi nilikaa mbele ya koti moja la velveti mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Tutu ukiitazama jukwaani huoni kitu, matabaka ya neti yako zaidi ya kumi na yote yanatikisika. Ikiwa imevalishwa sanamu ndipo unaona mshono na ule waya.

FundiShela
Ushungi, Mungu akubariki. Ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo. Basi naenda Agosti hiyo hiyo. Vienna naiacha, Stuttgart naiacha, nakaa Ufaransa siku chache na kurudi mapema. Hoteli zilizobaki nitamdai wakala, nusu nanunulia bati.

Msafiri_Mkavu
Akikurudishia.

FundiShela
Atarudisha. Tunasali naye.

Kipara_Original
Nusu ya bati inaezekwa upande gani, wa mama au wa mvua?