Santuri za wazee: gundi ya mbao, ndiyo au hapana?

MwanaLigula: Wadau, marehemu baba kaniachia kasha la santuri, zimeota ukungu. Fundi kaniambia nizipake gundi nyeupe ya mbao, ikikauka niibandue na uchafu wote. Ni kusafisha au kuharibu urithi?

Fundi Chikongola: Ni kusafisha. Gundi ile ni ya maji, haishiki plastiki. Mimina, sambaza kwa kipande cha kadi, karatasi ya katikati usiiguse. Usiibanie: ikiwa nyembamba itakatikakatika. Iache saa 24, na kwa unyevu wa bahari yetu hata zaidi. Ukiona weupe, bado mbichi. Ikikauka inabanduka yote kama gamba la nyoka.

Bi Mikindani: Mwanangu Fundi, si kila santuri ni plastiki. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika ni za sheleki, utomvu wa wadudu. Gundi inaweza kutoka na uso wake, na spiriti inaziyeyusha kabisa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake ndizo hizo. Utampaka gundi Siti?

Mpwa wa Shangani: Siti ni wa Unguja. Huku Kusini nani alikuwa na gramafoni? Watu walikuwa shambani wanapalilia mihogo.

Mjukuu wa Manamba: We Shangani, babu yangu alikata mkonge Kikwetu, Lindi, na gramafoni alinunua kwa jasho lake. Ya kuzungusha kwa mkono, haikudai umeme. Waingereza walipoleta mradi wa karanga Nachingwea 1947, watu walishika hela. Reli na bandari ya Mtwara vimetokana na nini?

Mpwa wa Shangani: Mradi ukafa 1951. Na reli iko wapi? Si iling'olewa?

Mjukuu wa Manamba: Kung'olewa reli kunamfanya babu asiwe na gramafoni?

MwanaLigula: Jamani, santuri zangu! Ni ndogo, nyepesi, zimeandikwa 45.

Fundi Chikongola: Hizo plastiki. Anza na ile usiyoipenda.

Bi Mikindani: Asianze na gundi. Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, afuate mistari inavyozunguka. Gundi ukiibandua santuri inabaki na umeme tuli, vumbi linarudi palepale.

Fundi Chikongola: Mama, sabuni haifiki ndani ya mistari. Gundi inafika.

Mpwa wa Shangani: Mimi nimeuliza tu swali la historia.

Mjukuu wa Manamba: Hukuuliza, umetudharau. Nasubiri uniombe radhi.