Shamba la shule tunalo, ila walimu hatujui kulifundisha. Tuanzie wapi?

Mwalimu wa EK, Kilosa
Habari za jioni wakuu. Nafundisha shule ya msingi huku Kilosa na nimekabidhiwa kitengo cha Elimu ya Kujitegemea. Eka tunazo, mahindi tunalima kila msimu na uji wa watoto unapatikana. Kinachoniuma ni kwamba mtoto anafika darasa la saba ameshika jembe miaka yote hiyo na hajui kwa nini tunapanda kwa mstari. Aliyechelewa namba, shambani. Aliyepiga kelele, shambani. Atakipendaje kilimo?

Tatizo linaanzia kwetu. Chuoni nilisoma Hisabati na Sayansi, wenzangu wengi ni lugha. Hakuna aliyetuonyesha tuta linavyogeuka kuwa somo. Walimu tupate wapi mafunzo bila kusubiri semina ya posho? Na bwana shamba anaingiaje shuleni?

Bibi Shamba wa Kata
Pole na kazi, mwalimu. Mimi ni afisa ugani, na shule ni sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote. Kuniita si kazi: barua ya mwalimu mkuu kupitia kwa afisa elimu kata, basi. Ila usiniite nije kuhutubia watoto mstarini, maneno hayo wakifika getini yameshapotea. Niite siku ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu mkiwa mmekaa pamoja. Kwenye kata yangu tunaongea kidogo darasani halafu wote shambani, na mwalimu anapanda kwa mkono wake kabla mtoto yeyote hajaitwa.

Naanza na kamba ya katani. Funga fundo kila sentimeta 30, mstari hadi mstari sentimeta 75, kila fundo shimo moja na mbegu moja. Hapo nauliza: eka ina mita za mraba kama 4,047, na kila mhindi umepewa mita 0.75 kwa 0.30. Yanaingia mangapi? Yanakuja karibu 18,000. Kuna mwalimu wa Hisabati alinichukua chaki mkononi hapo hapo akamalizia kipindi mwenyewe, na nilifurahi sana. Pembeni acheni kipande kilichopandwa ovyo, siku ya mavuno watoto wapime pande zote mbili kwa mizani.

Kipindi kingine ni viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017. Macho ya watoto ni makali. Mtoto akifungua moyo wa mhindi akakuta kinyesi kama unga wa mbao, amtafute kiwavi: usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yamekaa mraba. Akague mihindi 20 ya mstari mmoja, aseme mingapi imeliwa. Hapo kuna sayansi na kuna asilimia. Ila dawa ya kuulia wadudu mtoto asiiguse kabisa, hata kubeba bomba tupu asibebe. Kwa hilo sina mjadala.

Mzazi
Naunga mkono, lakini tusemezane ukweli. Wangu alikuwa anarudi na malengelenge mikononi, vipindi vimepita, na kwenye kikao cha wazazi gunia hata moja hatusomewi. Hicho ni kibarua, si somo.

Mwalimu Mstaafu
Mzazi ana haki. Andiko la Elimu ya Kujitegemea la 1967 lilitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba na waone mapato yake yanakwenda wapi. Tulichukua jembe, tukaacha daftari. Wapeni darasa la sita daftari la shamba: mbegu, mbolea, mavuno, na walisome wao mbele ya wazazi.

Halafu Mwalimu wa EK, wewe uko Kilosa! Hapo Ilonga pana kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pana chuo cha kilimo cha MATI, na chuo cha ualimu kipo huko huko. Ombeni wanachuo wa kilimo wafanyie mazoezi shuleni kwenu. Agosti pelekeni watoto Nanenane Morogoro, kila mmoja na swali lake ameshaliandika, si kwenda kushangaa trekta.

Mwalimu wa EK, Kilosa
Nashukuru sana wakuu. Adhabu ya shambani nitaipeleka kikao cha walimu wiki hii, nataka ife. Bibi shamba, mvua ya mahindi bado. Walimu tujifunzie kwa zao gani?

Bibi Shamba wa Kata
Mchicha. Wiki tatu hadi nne mnavuna, watoto wanauona mwanzo na mwisho ndani ya muhula mmoja. Tuta la upana wa mita 1, samadi iliyooza vizuri ndoo 1 kwa kila mita ya mraba. Mbegu changanyeni na mchanga mkavu ndipo mmwage kwenye mistari, ni ndogo mno, bila hivyo zitarundikana. Nusu ya tuta msiweke samadi. Watoto wataanza kuuliza wenyewe.