Maji yanaingia dirishani mwa karavani yangu, Himbi

Mama Saluni, Goma: Jambo ndugu zangu. Nina karavani kuukuu, ile nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, hapa Himbi, ndimo ninamosukia nywele. Kila mvua ikinyesha, maji yanachuruzika chini ya dirisha la kushoto. Nimepaka gundi ya silikoni mara mbili juu ya ile ya zamani, lakini wiki tatu tu yakarudi. Jana nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba pale konani: umelainika kama fufu, tena unanuka ukungu. Wateja wanakaa hapo hapo, naona haya. Nifanye nini?

Fundi wa Birere: Pole sana mama. Usiongeze silikoni, mpya haishiki vizuri juu ya ile kavu. Mara nyingi maji yanaingilia juu, kwenye skrubu za fremu, yanatelemka ndani ya ukuta, wewe unayaona chini. Toa dirisha lote. Kwangua gundi ya zamani mpaka bati lionekane safi, futa kwa spiriti, zungusha utepe wa butili, ule wa mpira unaonata, kisha kaza skrubu kidogo kidogo, upande huu halafu ule. Butili hubaki laini, kwa hiyo inavumilia mtikisiko.

Yaya wa Bukavu: Lakini mbao iliyooza itoke kwanza! Mimi nilifunika ikiwa bado mbichi, ikaoza mpaka sakafuni. Kata hadi ufikie mbao ngumu, uache wazi ikauke kabisa. Kwa kazi hiyo ngojea kiangazi, Juni au Julai.

Mama Saluni, Goma: Asante papa, asante yaya. Leo nimefungua skrubu ya kwanza ya juu. Imetoka na kutu, na tone la maji likaifuata.