Dari ya bati la nakshi kwenye jengo kuukuu: niifunike au niipake rangi?

BiSambusa
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimekodi fremu hapa Kansas City, Missouri, jengo la matofali la zamani, nifungue mkahawa wa chai na sambusa. Fundi umeme alipovua vibao vya dari ya kuning'inia apitishe nyaya, juu yake tukakuta dari nyingine: bati lililopigwa maua na miraba, ukuta hadi ukuta. Rangi nyeupe inabanduka, na upande wa dirishani kuna kutu. Mwenye jengo anasema niifunike tena. Roho yangu inakataa. Mimi nimekulia Unguja kwenye milango ya nakshi, kazi kama hii siwezi kuificha. Nianzie wapi?

Fundi_Mabati
Wa aleikum salaam dada. Usiifunike, lakini msasa usiguse mpaka rangi ipimwe. Kwenye majengo ya umri huo rangi mara nyingi ina madini ya risasi (lead). Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu. Ukiikwangua kavu, vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Risasi ikionekana, tafuta fundi mwenye cheti cha kazi hiyo. Hapo usibane pesa.

Halafu tafuta maji yanatoka wapi. Hicho ni chuma chembamba, hakipati kutu bila sababu: kuna bomba au paa linavuja. Usipoziba, rangi yoyote utakayopaka itatoka.

Vipande vimepigiliwa misumari midogo kwenye papi za mbao, kingo zikipishana. Kilicholegea kirudishe kwenye papi yake, na ugonge ukingoni, si kwenye ua. Palipobaki chuma kitupu anza na praima (rangi ya kwanza ya chini) ya mafuta ya kuzuia kutu, maana rangi ya maji ikigusa chuma moja kwa moja kutu huchomoza upesi.

Kwa vilivyooza, una bahati ya ujirani. Mji wa Nevada, humohumo Missouri, ndiko ilikoanzishwa W. F. Norman mwaka 1898, kampuni inayojulikana kwa kupiga mabati haya kwa nyundo za kuangusha juu ya kalibu za zamani. Pima ua moja kutoka kitovu hadi kitovu cha la pili, piga picha, waulize.

Mpishi_Minneapolis
Nafanya kazi kwenye mgahawa wenye dari hii. Inapendeza mno, ila watu wakijaa sauti zinagonga juu na kurudi, huwasikii wateja. Tundika mapazia mazito na mikeka ukutani. Na juu ya jiko mwulize kwanza mkaguzi wa afya, maana mafuta huganda kwenye mikunjo ya nakshi.

BiSambusa
Ahsanteni sana. Kesho namwita mwenye jengo tupande wote ngazi tutafute panapovuja. Je, nipake nyeupe au rangi ya fedha?

Fundi_Mabati
Nyeupe, dada. Mabati haya yalitengenezwa yafanane na plasta ya nakshi ya nyumba za matajiri, kwa bei ambayo mwenye duka angeimudu. Ukipaka nyeupe isiyong'aa, kivuli kitalichora ua lenyewe.